Dawa ya Ukungu na Afya ya Mlaji: Nyanya za Kihesa Zaweza Kutunzwa kwa Sumu Kidogo

Asubuhi katika soko la Kihesa, mjini Iringa, nyanya hupangwa mafungu mafungu juu ya meza za mbao. Mnunuzi mzoefu huzigeuza moja moja, akabonyeza kwa kidole gumba, akanusa kikonyo. Mara kwa mara hukutana na nyanya yenye unga mwepesi uliokaukia kwenye ganda: mweupe, wa manjano hafifu, au wenye kuelekea samawati. Wapo wanaoudhania kuwa ni vumbi la njiani. Wapo pia wanaouona kuwa ni alama njema, kwa sababu nyanya hiyo "imepigwa dawa", na kilichopigwa dawa, kwa fikra zao, ni kisafi.

Unga huo mara nyingi ni mabaki ya kiuakuvu, yaani kiuatilifu cha kuzuia magonjwa ya ukungu. Mkulima aliunyunyizia kwa sababu ya msingi kabisa: bila kuzuia ukungu, shamba la nyanya katika Nyanda za Juu Kusini laweza kuteketea ndani ya wiki moja au mbili, na pamoja nalo ada ya shule, chakula cha nyumbani na mkopo wa pembejeo. Hivyo swali linalohusu afya ya jamii haliwi kwamba mkulima aache kutunza mimea yake. Swali ni jinsi anavyoweza kuitunza bila kujidhuru yeye, majirani zake, mto anaomwagilia na mtu atakayekula nyanya hiyo. Jibu la swali hilo lipo, nalo kwa sehemu kubwa huanza kabla bomba la kunyunyizia halijatolewa stoo.

Adui ni nani

Neno "ukungu" hubeba magonjwa kadhaa kwa pamoja, nayo hayafanani. Yanayowasumbua zaidi wakulima wa nyanya ni mawili. La kwanza ni bakajani chelewa, linaloletwa na kimelea kiitwacho Phytophthora infestans. Majani hupata mabaka makubwa ya kijani iliyoiva yanayoonekana kama yamelowa maji, kisha hugeuka kahawia na kunyauka. Asubuhi yenye unyevu, upande wa chini wa jani huota utando mweupe. Matunda hupata madoa magumu ya kahawia. Kimelea hiki hustawi penye ubaridi na unyevu mwingi, jani likikaa limelowa kwa saa nyingi mfululizo. Ndiyo maana wakulima wa Iringa na Mbeya hukiogopa zaidi wakati wa mvua na katika siku za ukungu wa asubuhi na manyunyu.

Wataalamu wa siku hizi hawakiweki kimelea hicho miongoni mwa kuvu halisi. Ukoo wake uko karibu zaidi na baadhi ya miani ya majini. Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Inaeleza kwa nini baadhi ya viuakuvu vinavyofanya kazi vizuri kwa magonjwa mengine havifui dafu mbele ya bakajani chelewa, na kwa nini mkulima aliyenunua "dawa ya ukungu" yoyote aliyouziwa huishia kupoteza fedha na shamba.

Kimelea hicho kina historia ya kutisha. Kuanzia mwaka 1845 kiliangamiza viazi nchini Ireland. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi yaliyoandamana nayo, na wengine wapatao milioni moja wakaihama nchi. Ni kimelea kilekile kinachohama leo kutoka shamba la viazi mviringo kwenda shamba la nyanya, kwa kuwa mimea hiyo miwili ni ya ukoo mmoja. Katika mikoa inayolima viazi kwa wingi kama Mbeya, jambo hilo lina uzito wa pekee.

La pili ni bakajani tangulia, linaloletwa na kuvu wa jamii ya Alternaria. Hili huanza kwenye majani makuukuu ya chini, likiacha madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, mfano wa shabaha ya mlenga mshale. Hupenda joto kuliko lile la kwanza, na hukaa kwenye mabaki ya mimea iliyoachwa shambani na hata kwenye mbegu. Mbali na hayo mawili wapo ubwiri unga, unaofunika majani kwa unga mweupe. Madoa ya Septoria. Mnyauko fuzari, unaoingilia mizizini. Na kinyausi, kinachoangusha miche ikiwa bado kitaluni.

Kutambua ugonjwa ndiyo hatua ya kwanza ya kupunguza sumu. Mtaalamu wa maabara hatoi dawa ya malaria kwa kila homa, hupima kwanza. Shamba nalo lastahili heshima hiyo. Mmea ulionyauka kwa bakteria au kwa kukosa maji hautapona hata ukioga kiuakuvu kutwa kucha.

Neno "dawa" na mtego wake

Kiswahili cha mashambani huviita viuatilifu vyote "dawa". Jina hilo lina mtego. Dawa humezwa ili mtu apone; dawa hutunzwa kabatini; dawa ikizidi kidogo, wengi hudhani uponyaji nao umezidi. Kwa hiyo mtu huweza kuchanganya vifuko viwili au vitatu katika bomba moja la mgongoni, akakoroga kwa mkono mtupu, akanyunyizia akiwa amevaa kandambili na fulana, kisha akarudi nyumbani na nguo zilezile akambeba mtoto.

Hali hiyo imeandikwa na watafiti. Utafiti wa Aiwerasia Ngowi na wenzake miongoni mwa wakulima wadogo wa mbogamboga Kaskazini mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa viuakuvu vilikuwa asilimia 29 ya viuatilifu vilivyotumika, vikifuatia viuawadudu vilivyokuwa asilimia 59. Takriban theluthi ya wakulima walichanganya viuatilifu. Asilimia 68 walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kunyunyizia, wakitaja matatizo ya ngozi, kizunguzungu na kuumwa kichwa. Takwimu hizo ni za Kaskazini, lakini vifuko, mabomba na mazoea ya kazi hayatofautiani sana na yale ya Kusini.

Kiuakuvu kinachojulikana zaidi madukani ni mankozebu. Ni unga unaochanganywa na maji na kukaa juu ya jani kama ngao. Sumu yake ya papo kwa papo si kali ikilinganishwa na viuawadudu vingi, na hapo ndipo watu hupumbazika. Mankozebu ikivunjika huzaa kemikali iitwayo ethilinithiourea, ijulikanayo kwa kifupi kama ETU, ambayo huvuruga kazi ya tezi ya shingo. Tezi hiyo ndiyo hutengeneza homoni zinazoongoza ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Nchini Costa Rica, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2014 waliwapima wajawazito waishio karibu na mashamba ya ndizi yanayonyunyiziwa mankozebu kwa ndege, wakakuta ETU katika mikojo yao kwa viwango vya juu. Mnamo Desemba 2020 Umoja wa Ulaya uliamua kutohuisha idhini ya mankozebu, kwa sababu zilizohusu uzazi na mfumo wa homoni.

Kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini habari hiyo inagusa mahali penye kidonda cha zamani. Eneo hili lilijulikana kwa wagonjwa wengi wa rovu kutokana na upungufu wa madini joto kabla ya chumvi yenye madini hayo kuenea. Haimaanishi kwamba kila rovu la leo limetoka kwenye bomba la kunyunyizia. Inamaanisha kuwa tezi ambayo tayari inahangaika kupata madini joto haistahili kuongezewa mzigo wa pili.

Usugu: somo ambalo hospitali imekwisha kulijua

Mhudumu wa afya aliyefanya kazi nchini mwishoni mwa miaka ya 1990 hawezi kusahau jinsi klorokwini ilivyopoteza nguvu. Vimelea vya malaria vilizoea dawa hiyo, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha na kutumia SP kama tiba ya kwanza. Mwaka 2006 nayo SP ikapisha dawa mseto. Shambani hadithi ni ileile. Metalaksili, kiuakuvu kinachoingia ndani ya mmea, kilishangiliwa kilipoingia sokoni miaka ya 1970. Kufikia mwaka 1980 bakajani chelewa lilikuwa limekwisha kuonyesha usugu dhidi yake katika mashamba ya viazi ya Ireland na Uholanzi. Mkulima anayepiga dawa ya aina moja kila wiki huchagua, bila kujua, vimelea sugu ili vibaki na kuzaliana.

Lipo jambo zito zaidi, linalovuka mpaka wa shamba na kuingia wodini. Baadhi ya viuakuvu vya mazao ni ndugu wa damu wa dawa za binadamu. Difenokonazoli na tebukonazoli, zinazotumika shambani, ni za kundi la azoli, kundi lenye itrakonazoli na vorikonazoli zinazotibu watu. Katika udongo na mabaki ya mimea huishi kuvu aitwaye Aspergillus fumigatus, ambaye vijimbegu vyake huvutwa na kila mtu pamoja na hewa. Kwa mtu mwenye afya havina madhara makubwa. Kwa mtu aliyebaki na mashimo kwenye mapafu baada ya kifua kikuu, au ambaye kinga yake imeshuka, vyaweza kuota na kuleta ugonjwa mkali. Mwaka 2014 watafiti walichapisha taarifa ya kupatikana katika mazingira ya Tanzania kwa Aspergillus fumigatus sugu kwa azoli zaidi ya moja, mwenye mabadiliko ya vinasaba ya aina inayohusishwa na matumizi ya azoli mashambani. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilimweka kuvu huyo katika kundi la juu kabisa la orodha yake ya kuvu wanaohitaji kushughulikiwa kwa haraka.

Kwa hiyo kunyunyizia azoli ovyo kwenye nyanya si suala la mkulima na mteja wake peke yao. Mgonjwa aliyelala wodini, asiyewahi kushika jembe, naye ana hisa katika jambo hilo.

Kinga kabla ya bomba

Ukungu wa majani huhitaji mambo matatu yakutane: kimelea, mmea dhaifu kwake, na unyevu juu ya jani. Mkulima akivunja kiungo kimoja tu, ugonjwa hupungua. Njia rafiki kwa mazingira zimejengwa juu ya kanuni hiyo.

Mbegu huja kwanza. Mbegu zinazokamuliwa kutoka nyanya za nyumbani huweza kubeba bakajani tangulia. Zaweza kusafishwa kwa kuzitumbukiza katika maji ya moto yenye nyuzi 50 za Selisiasi kwa dakika 25, kisha kuzipoza na kuzianika. Kipimajoto ni cha lazima. Maji yakizidi joto mbegu hufa, yakipungua kimelea hubaki. Uchaguzi wa aina nao una maana. Kituo cha Tengeru, mkoani Arusha, kilitoa aina za Tanya na Tengeru 97 mwaka 1997, na hiyo ya pili inastahimili mnyauko fuzari. Zipo pia mbegu chotara zenye ukinzani dhidi ya bakajani chelewa. Mnunuzi asome maelezo ya pakiti: ukinzani dhidi ya ugonjwa mmoja haukingi mwingine.

Mzunguko wa mazao hufuata. Nyanya isirudi pale ilipotoka nyanya, viazi mviringo, bilinganya, pilipili au mnavu kwa misimu kadhaa, ikiwezekana miaka miwili hadi mitatu. Mahindi, maharage, vitunguu au kabichi vyashika zamu. Viazi vilivyosahaulika ardhini na kuota vyenyewe ving'olewe, kwa kuwa hutunza bakajani chelewa kutoka msimu mmoja hadi mwingine.

Nafasi na hewa ni dawa isiyouzwa. Miche iliyobanana hukauka taratibu baada ya umande. Nyanya ipandwe kwa nafasi, isimikiwe miti, ifungwe kamba, na vichipukizi vya pembeni viondolewe ili upepo upite. Majani ya chini yanayogusa udongo yakatwe. Ardhi ifunikwe kwa matandazo ya nyasi kavu, kwa maana tone la mvua likipiga udongo mtupu hurusha vimelea hadi kwenye majani ya chini, na matandazo hulivunja nguvu tone hilo.

Maji nayo yana adabu yake. Katika vinyungu, zile bustani za mabondeni ambazo watu wa Iringa wamezilima vizazi kwa vizazi wakati wa kiangazi, wengi humwagilia kwa ndoo au keni kwa kumimina juu ya mmea. Jani lililolowa jioni hukaa limelowa hadi asubuhi, na usiku wa Juni na Julai katika Nyanda za Juu ni wa baridi. Maji yamwagwe kwenye shina, asubuhi, ili jua lipate muda wa kukausha kilichorukia majani. Mwenye uwezo atumie umwagiliaji wa matone.

Hapa mkulima hukabiliwa na uamuzi mgumu. Nyanya ya kiangazi huugua kidogo, lakini hufika sokoni wakati kila mtu ana nyanya na bei ya tenga imeanguka. Nyanya ya masika huuzwa kwa bei nzuri kwa sababu ni wachache waliofaulu kuivusha. Ni tamaa ya bei hiyo, pamoja na hofu ya hasara, inayoongeza idadi ya mabomba yanayopigwa. Paa jepesi la nailoni juu ya matuta, lililo wazi pembeni, huweza kuzuia mvua isiguse majani; gharama yake ni kubwa mwanzoni, ila hulinganishwa na vifuko vingi vya kiuakuvu visivyonunuliwa.

Usafi wa shamba hukamilisha kinga. Mkulima apite shambani angalau mara mbili kwa wiki, na kila siku wakati wa mvua. Jani lenye doa likatwe, liwekwe kwenye mfuko na kuzikwa mbali na shamba. Lisitupwe mtoni wala kuachwa kwenye njia ya maji. Mikono na visu vioshwe kwa sabuni baada ya kushika mimea iliyougua, kama inavyofanyika baada ya kumhudumia mgonjwa wa kuambukiza.

Viumbe rafiki na tiba za jikoni

Sayansi imegundua pia kwamba kuvu wana maadui wao. Trikoderma ni kuvu wa udongoni anayejizungusha kwenye kuvu wengine, akawatoboa na kuwala. Tabia hiyo ilielezwa kitaalamu tangu mwaka 1932. Huwekwa kitaluni au kwenye shimo la kupandia ili kupunguza kinyausi na mnyauko fuzari. Bakteria Bacillus subtilis naye hutoa kemikali zinazozuia kuvu, na hunyunyiziwa kwenye majani. Bidhaa za viumbe hao hutengenezwa na kuuzwa katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo. Ni viumbe hai: havipendi jua kali wala stoo yenye joto, na havifanyi kazi vikichanganywa na kiuakuvu kitakachoviua. Kazi yao ni kukinga. Shamba lililokwisha kuungua haliokolewi navyo.

Kuhusu tiba za jikoni, ukweli usemwe bila kupunguza wala kuongeza. Nchini Brazili, mtafiti Wagner Bettiol alionyesha mwaka 1999 kuwa maziwa yaliyochanganywa na maji huzuia ubwiri unga kwenye mboga za jamii ya maboga. Magadi ya kupikia nayo husaidia dhidi ya ubwiri unga, ijapokuwa yakizidi huunguza majani. Lakini hakuna kati ya hivyo kinachotegemewa kusimamisha bakajani chelewa wakati wa mvua. Anayemshauri mkulima atumie maziwa dhidi ya ugonjwa huo humpotezea siku ambazo hana.

Ipo pia mrututu, yaani shaba. Mchanganyiko wa mrututu na chokaa ulianza kutumika katika mashamba ya mizabibu ya Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1885, na hadi leo wakulima wa kilimo hai wanaruhusiwa kutumia shaba. Hata hivyo shaba ni metali: haiozi, hujilimbikiza udongoni na huwadhuru minyoo na samaki. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa kilo 28 kwa hekta katika miaka saba. Kitu kuitwa cha asili hakukifanyi kiwe salama kwa kiasi chochote.

Inapolazimu kunyunyizia

Siku zitakuwapo ambapo mvua haikatiki na jirani shamba lake limekwisha kuungua. Hapo kiuakuvu kikitumika kwa akili huokoa mazao bila kuacha madhara makubwa. Kinunuliwe kwenye duka la pembejeo lenye kibali, kikiwa kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, chombo kilichoanzishwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Kisiwe kile kinachopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye karatasi bila lebo. Utepe wa rangi kwenye lebo hueleza ukali wa sumu ya papo kwa papo: nyekundu ni kali mno, njano hufuata, kisha samawati, na kijani ni ya chini. Kipimo kifuatwe, na viuakuvu vya makundi tofauti vipokezane ili kuchelewesha usugu.

Mnyunyiziaji avae buti, suruali ndefu, shati la mikono mirefu, glovu za mpira, miwani na barakoa. Aupe upepo kisogo. Asile, asivute sigara, asizibue pua ya bomba kwa kupuliza kwa mdomo. Watoto na wajawazito wasiwepo. Bomba lisioshewe mtoni. Mto Ruaha Mdogo unaopita Iringa hujiunga na Ruaha Mkuu, na maji hayo huendelea kunyweshea watu, mifugo na wanyamapori hadi bwawa la Mtera na kupita hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Makopo yaliyokwisha yasigeuzwe kuwa ya kuwekea maji, mafuta au maziwa.

Kisha kuna siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zilizoandikwa kwenye lebo. Hapa ndipo wengi hushindwa: dalali amefika na gari, bei imepanda, na bomba limepigwa jana. Nyanya inayovunwa siku hiyo hupeleka sumu moja kwa moja jikoni.

Kwenye chumba cha daktari

Mtu anayefika zahanati akiwa na kichwa kinachouma, kizunguzungu, kichefuchefu na udhaifu hupimwa malaria, na ndivyo inavyopaswa. Kipimo kikionyesha hana, swali linalofuata lisisahaulike: "Kazi yako ni ipi, na jana ulikuwa unafanya nini?" Vipele vya mikononi na shingoni, macho mekundu yasiyopona, na kikohozi kinachorudi kila msimu wa kunyunyizia navyo vyastahili swali hilo. Mankozebu hujulikana kwa kuwasha ngozi na macho.

Hatari kubwa hutokana na viuawadudu vya jamii ya oganofosfati vilivyochanganywa katika bomba moja na kiuakuvu. Mgonjwa hutoka jasho jingi, mate na machozi humtiririka, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka, kifua hujaa makohozi na mapigo ya moyo huweza kupungua. Mhudumu avae glovu, amvue mgonjwa nguo zote, amwoshe kwa sabuni na maji mengi, afungue njia ya hewa na kuanza atropini kwa kufuata mwongozo wa taifa. Kinachotazamwa ni kifua kukauka na hewa kupita vizuri. Kutanuka kwa mboni pekee si kipimo. Rufaa isicheleweshwe.

Nyumbani, aliyemeza sumu asitapishwe wala asinyweshwe maziwa kwa imani kwamba yataiua. Aliyeingiwa na sumu machoni aoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Kopo au pakiti yenye lebo ipelekwe pamoja naye hospitalini, kwa kuwa lebo hiyo humwonyesha daktari njia. Na pale sumu ilipomezwa kwa makusudi, mgonjwa ahudumiwe bila kushutumiwa, na huduma ya afya ya akili iwe sehemu ya tiba yake.

Jikoni

Hofu ya sumu isimwondolee mtu nyanya kwenye sahani. Nyanya ina vitamini C na likopini, na likopini hufyonzwa vizuri zaidi nyanya ikipikwa na mafuta kidogo. Mgonjwa wa figo aliyeshauriwa kupunguza potasiamu ndiye anayepaswa kumwuliza daktari wake kiasi, kwa kuwa nyanya ina madini hayo kwa wingi.

Kuosha kuna maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mankozebu hukaa juu ya ganda, hivyo kusugua nyanya kwa mikono chini ya maji yanayotiririka huondoa sehemu yake, na kumenya huondoa zaidi. Kazi hiyo ifanywe kabla ya kupika, kwa sababu moto huigeuza mankozebu kuwa ile ETU. Anayesema "itaungulia jikoni" amekosea: sufuria huizidisha. Kiuakuvu kilichoingia ndani ya tunda, kama metalaksili, hakitoki kwa kuosha. Mlinzi wa hapo ni mkulima aliyesubiri siku zake.

Nyanya masalo, zile zilizooza upande zinazouzwa kwa bei ya kutupa, nazo zina hatari yake. Kuvu wa Alternaria huacha sumu katika tunda, na kuchemsha hakuziondoi zote. Tunda laini kama nyanya likiota ukungu, litupwe zima. Kukata upande ulioharibika hakutoshi, kwa kuwa nyuzi za kuvu hupenya mbali kuliko jicho linavyoona.

Mnunuzi wa Kihesa anayo pia nguvu ambayo haitumii. Akimwuliza muuzaji nyanya zimetoka wapi na zilipigwa dawa lini, akaacha kuchagua zile zinazong'aa bila doa hata moja, akakubali jani kuwa na kovu dogo, swali lake litapanda kutoka mezani hadi kwa dalali na kutoka kwa dalali hadi kinyunguni. Afisa ugani na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mara nyingi huzitembelea kaya zilezile kwa siku tofauti, wakikaa pamoja hata mara moja kabla ya masika kuanza, mkulima atasikia kauli moja badala ya mbili. Kinga ni bora kuliko tiba, husema mabango ya zahanati. Msemo huo wafaa kuandikwa pia kwenye mlango wa stoo linakotunzwa bomba la kunyunyizia.